Nilivyomshona Kibogoyo

Vijana wangu, mnanichosha kwa swali moja. Kila anayefika hapa Ujiji na simu yake ya kupigia video, kabla hata shikamoo haijamtoka vizuri, ananiuliza: "Bibi Mwavita, damu ya uongo inatengenezwaje?" Damu ndiyo kitu rahisi kuliko vyote. Chemsha rozela, tia unga wa muhogo kidogo iwe nzito, umemaliza. Ukibaki na ya ziada, weka sukari unywe. Njooni mniulize mambo magumu. Niulizeni mtu aliye ndani ya dubwana anapumuaje. Niulizeni kwa nini madubwana yenu yote yanatazama juu kama yanasubiri mvua.

Mimi nimestaafu. Mgongo umekataa, na gundi imenimalizia pua. Siku hizi samaki akiungua jikoni kwangu, majirani ndio wanaonipigia kelele. Lakini nimeshona mengi. Nimeshona mamba wa maigizo ya shule, kiboko wa matangazo, kichwa cha ng'ombe mwenye macho matatu kwa watu wa filamu kutoka Dar. Kule Simbo niliwashonea kwaya shetani wa Pasaka, mimi Mwislamu, na nikamshona vizuri mno, hata katekista akaja nyumbani kuniomba: "Mama, tafadhali, mpunguzie tabasamu. Watu wanamtazama yeye, hawamtazami Bwana."

Sasa tulieni niwaeleze nilivyoingia kazi hii, maana hakuna shule niliyosomea.

Baba yangu alikuwa fundi makochi. Kaka zangu walipokimbilia ziwani kuvua, mimi ndiye niliyebaki karakanani na sindano zake ndefu zilizopinda. Nilijua sponji kama mnavyojua simu zenu. Nilikuwa nikibonyeza kipande, najua kama kochi lake litadumu au litazama kabla ya Idi.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Baadhi yenu mlizaliwa humo. Maboti yalifika yamejaa watu kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, na Warundi walishuka milimani kwa miguu au walipita Kagunga, kule mpakani, kwa mitumbwi. Nyumbani kwetu walilala jamaa za mama kutoka upande wa Uvira, tukawa tunalala kwa zamu kwenye makochi ya wateja, na asubuhi tunayapiga vumbi kabla wenyewe hawajaja.

Asubuhi moja akaingia karakanani mzee mfupi, Mjapani, amevaa kofia ya kitambaa. Akavua kofia, akainama mbele yangu mpaka nikaona kisogo chake.

"Shikamoo," akaniambia.

Mimi wakati huo ni binti, hata kuolewa sijaolewa. Nikamtazama baba. Baba akageukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Marahaba, baba," nikajibu. Ningefanyaje?

Huyo ndiye Mzee Kenji. Mtu alimfundisha kwamba shikamoo ni neno la heshima, basi akaamua kumheshimu kila mtu. Aliwapa shikamoo watoto wa chekechea, akampa na mwendawazimu wa sokoni. Watoto wa mtaa wetu walikuwa wakijipanga mstari asubuhi ili tu waamkiwe na mzee wa watu, waitikie marahaba kwa sauti nzito.

Mke wake alikuwa muuguzi, ameletwa kufanya kazi kwenye kituo cha kupokea wakimbizi nje ya mji. Mzee mwenyewe alikuwa amestaafu, akafuatana naye kwa sababu, alivyosema, paka wao alikuwa amekufa na nyumba imekuwa kimya. Siku ile alichukua kipande cha sponji, akakibonyeza, akakinusa, akakiinua kwenye mwanga. Nikajua huyu ni mwenzetu. Kisha akachukua chaki ya baba, akachora sakafuni mnyama mwenye pembe, mkia na miguu kama ya tembo.

"Kazi yangu," akasema. "Miaka mingi. Sinema."

"Mwavita," baba akaninong'oneza, "mletee mzee maji. Ana homa."

Kesho yake akaja na picha. Ndani yake kuna dubwana limesimama, la kutisha kweli, ila halina kichwa. Kichwa kimewekwa juu ya kiti, na shingoni anatokeza kijana wa Kijapani anakunywa chai. Pembeni yupo Mzee Kenji, bado ana nywele, ameshika brashi.

Kazi yake ilikuwa ndiyo hiyo: kubuni na kutengeneza madubwana ya sinema. Alianza kwa kukoroga plasta, akawa mtu wa kuvaa ngozi ya dubwana, mwishowe akawa ndiye anayechora. Alijenga pia miji midogo ya mbao na karatasi ili dubwana liikanyage, na kila nyumba aliiwekea mapazia, na uani nguo zilizoanikwa, ndogo kama kucha. Wiki nzima ya kazi, halafu mguu mmoja unashuka, kwisha.

"Haikuumi?" nikamuuliza.

Alifikiri sana, akitafuta Kiswahili. "Inauma," akasema. "Ndiyo maana inaonekana vizuri."

Hilo lishikeni, nyie mnaobomoa nyumba za maboksi ambazo hata mlango hazina, halafu mnashangaa mtazamaji hasikitiki.

Sasa, kituoni kulikuwa na hatari kubwa. Kipindupindu kilikuwa kimeingia. Mke wa Mzee Kenji alirudi kila jioni macho mekundu, maana watu walikuwa wakichota maji ya kijito na kuyanywa hivyo hivyo. Walitangaziwa kwa kipaza sauti asubuhi na jioni, lakini mtu aliyetembea milima mitano na mtoto mgongoni hasikii tena vipaza sauti. Watoto ndio waliokuwa wakifa kwanza.

Mzee Kenji akamwambia mkewe: tutawafanyia mchezo. Dubwana linakaa kwenye maji machafu, linawashika watu matumbo, linashindwa kwa sabuni na maji yaliyochemshwa. Mkuu wa kituo akakubali. Baba naye akakubali kutoa mabaki ya sponji. "Ila akimaliza afagie," alisema, na kweli mzee yule alifagia karakana yetu kila jioni kuliko ilivyowahi kufagiwa.

Nilijifunza mengi mle. Sponji ukiikata kwa kisu kikavu inachanika. Paka sabuni kwenye makali, itakatika kama siagi. Rangi usiipake juu ya sponji tupu, itainywa yote. Tanguliza gundi ya fundi viatu, nyembamba, tabaka baada ya tabaka, na milango iwe wazi, la sivyo wewe ndiye utakayeona madubwana. Magamba tulikata kutoka tyubu za baiskeli. Mishono tulishona kwa uzi wa nyavu, ambao hauozi. Na mgongoni Mzee Kenji alinilazimisha niache mpasuko mrefu uliofungwa kwa kamba moja tu, ambayo mwisho wake unaingia ndani, kifuani kwa mvaaji.

"Inaharibu mgongo," nililalamika. "Inaonekana."

"Dubwana likiharibika, tunashona," akasema. "Mtu akiharibika, hatushoni."

Wa kuvaa tulimpata kituoni kwenyewe: Nduwimana, Mrundi mrefu, mpiga ngoma huko kwao, ambaye kituoni alikuwa akibeba magunia ya unga. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza jambo atakujibu "ego", ndiyo, au "oya", hapana, basi. Alikubali kuvaa kwa sababu alichoka kukaa akifikiri.

Siku ya mchezo watu walijaa. Nduwimana akatokea nyuma ya hema la dawa, pembe tatu, meno ya vibuyu vilivyopasuliwa, macho yanang'aa, anapiga miguu chini kama ngoma zake. Mimi moyo ulinijaa fahari. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Kisha nikasikia kelele. Haikuwa ile ya kuchangamka ambayo watoto hupiga wakitishwa na mtu wanayemjua. "Igikoko! Igikoko!" walipiga ukelele, mnyama, mnyama, na wakakimbia kweli kweli, wakaparamia seng'enge, wakaangushana. Nduwimana alipong'amua, alisimama hapo hapo na kukaa chini kwenye vumbi, ili awe mdogo. Mchezo uliishia hapo.

Uwanja ulipotulia akatujia mama mmoja Mkongo, mtoto mgongoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuumiza.

"Baba," akamwambia Mzee Kenji, "bale balitufukuza sisi habakukuwa na mapembe. Balikuwa majirani yetu. Batoto yetu banajua kuogopa tayari. Usibafundishe tena."

Nikamtafsiria polepole. Mzee alivua kofia, akainama, na hakuinuka upesi. Mama yule mwenyewe ndiye aliyemgusa bega ainuke.

Jioni, tukiwa karakanani, alinieleza jambo ambalo hakuwa amelisema. Alipokuwa mdogo, wakati wa vita vyao, mji wao uliungua wote, na yeye na mama yake walitembea wakilala kwenye nyumba za watu. Alianza kuchora madubwana njiani, kwa mkaa, kwenye kuta zilizobaki.

"Ya kutisha?" nikauliza.

"Hapana. Makubwa. Lakini marafiki zangu. Yananibeba." Akachukua ufagio. "Baadaye sinema ilitaka ya kutisha. Nikasahau."

Kesho yake tulirudi kituoni mikono mitupu, na chaki tu. Mzee Kenji alikaa chini kwenye sakafu ya saruji ya ghala, akamsalimia shikamoo kila mtoto aliyechungulia. Wakaja mmoja mmoja. Akawaomba wamwambie dubwana la maji machafu lina sura gani.

Wakaanza kwa woga, wakamaliza kwa kugombana. Mmoja akasema lina tumbo kubwa, kwa sababu limekunywa maji ya kijito. Mwingine akasema basi linaharisha! Wote wakaanguka kwa kicheko, na nakwambieni, hicho ndicho kicheko cha kwanza cha pamoja nilichokisikia pale kituoni. Msichana mmoja akasema halina meno, meno yaling'oka kwa uchafu. Mwingine akataka libebe mkeka na sufuria mgongoni.

"Kwa nini sufuria?" nikauliza.

Akanishangaa. "Lilikimbia na lenyewe. Litapikia nini?"

Wakampa jina: Kibogoyo. Tangu hapo hatukumwita tena "hilo", alikuwa "yeye".

Nilifumua pembe zote. Nikamjaza tumbo, nikamlegeza magoti yagongane akitembea. Mzee Kenji alinifundisha kuyashusha macho yake. Mtazamaji wako ni mfupi, alisema. Dubwana linalotazama juu halimwoni mtoto, na mtoto anajua kwamba haonwi. Shusha mboni kidogo, zitazame pale kifua cha mtoto kilipo, utaona atakavyosogea mwenyewe.

Wakasogea. Katika mchezo mpya Kibogoyo anakuja anashika tumbo, anaomba maji, na watoto ndio wanaomfundisha: chemsha kwanza, nawa kwanza. Akikosea wanamfokea. Nduwimana, yule wa ego na oya, humo ndani alikuwa mtu mwingine. Alijikwaa, alideka, aliogopa sabuni kama paka. Watoto walirudi kwenye mahema kuwafokea mama zao kama walivyomfokea Kibogoyo, na sufuria za kuchemshia maji zikaanza kuonekana mekoni. Sitawaambia kwamba sponji ndiyo iliyomaliza kipindupindu. Wauguzi walifanya kazi, na maji ya bomba yaliletwa. Lakini mke wa Mzee Kenji alianza kulala usingizi.

Mwaka ulipokaribia kuisha tukaombwa twende Kagunga, ambako watu walikuwa wakishuka kwa wingi. Tulipanda boti la mbao la abiria, Kibogoyo tumemkalisha mbele kama bwana harusi. Karibu na ufuko Nduwimana akavaa, kwa sababu watoto, waliokwisha kusikia habari za Kibogoyo, walikuwa wameshajaa kwenye kokoto na hatukutaka wamwone akiwa ngozi tupu.

Akasimama ukingoni apunge mkono. Wimbi likapiga boti ubavuni. Wakaenda majini wote wawili, mtu na dubwana.

Vijana, sponji inakunywa. Kochi likinyeshewa watu wanne hawaliinui. Ziwa letu nalo mnalijua, hatua chache kutoka ufukoni chini hakuna sakafu. Nilimwona Kibogoyo akielea mara moja, kisha tumbo lile nililolijaza kwa mikono yangu likaanza kuzama. Mzee Kenji alijirusha na kofia yake. Mimi nilishika mkono wa sponji kutoka kwenye boti, ukawa mzito, ukanitoka vidoleni.

Halafu mgongo ukapasuka. Nduwimana alikuwa ameivuta kamba. Akachomoza kifua wazi, anatema maji, kama kifaranga kinachotoka kwenye yai. Mvuvi mmoja akamshika chini ya kwapa, mwingine akamvuta Mzee Kenji.

Na ufukoni watu wakapiga makofi! Walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Kisha watoto wakaona Kibogoyo anaondoka na maji, mtupu, uso chini. "Anazama! Kibogoyo wa watu anazama!" Wavuvi wawili wakasukuma mtumbwi, wakamnasa kwa kamba ya nyavu, wakamkokota mpaka nchi kavu, na watoto wakamkalia wote kwa pamoja kumkamua maji.

Nduwimana alikaa kwenye kokoto amejifunga kitenge cha mtu, anatetemeka. Nikampelekea chai.

"Mdogo wangu alizama hapa," akasema. "Tulipokuja." Sikujua. Hakuna aliyejua. "Sivai tena, Mwavita. Oya."

Kibogoyo tulimwanika juani siku nzima na usiku, na kesho yake watu bado walikuwa wakimsubiri. Mzee Kenji alikuwa ameanza kukohoa. Basi mimi, binti wa Ujiji, nikajifunga kitenge vizuri, nikaingia tumboni mwa dubwana.

Hapo ndipo nilipojua kazi yangu. Niliyedhani nimeshona vizuri, kumbe nimemfungia mwenzangu ndani ya tanuri. Tundu la kuonea nililiweka puani, nikawa naona vidole vya miguu tu. Harufu ya gundi, jasho, na maji ya ziwa yaliyochacha! Kila nilichokishona mwaka wote ule bila kufikiri, kilinikwaruza mimi mwenyewe. Ndiyo maana nawaambia: usimkabidhi mtu ngozi ambayo hujawahi kuivaa, tena ukatembea nayo, tena ukajikuna pua ukiwa ndani.

Nilitembea vibaya. Nilimgonga mwenyekiti wa kijiji. Nilikanyaga beseni la dagaa la mama mmoja, nikateleza, nikaketi ndani yake. Sikusikia chochote ila pumzi zangu, mpaka kupitia pua ya Kibogoyo nikasikia kicheko cha mtu mzima, kikubwa, cha kutoka tumboni.

Alikuwa Nduwimana. Amesimama katikati ya watoto, machozi yanamtoka, anashika mbavu. Mwaka mzima alikuwa ndani yake. Hakuwa amewahi kumwona.

Alinijia mchezo ulipokwisha, akanifungua mgongo. "Hujui kutembea," akasema. "Anatembea buhoro, polepole, tumbo kwanza. Nipe."

Akaendelea kumvaa tangu siku hiyo, ila ndani ya boti, katu. Nami nikamtoboa Kibogoyo matundu ya hewa chini ya makwapa na nyuma ya magoti, na lile tundu la kuonea nikalihamishia mahali pa macho.

Mzee Kenji na mkewe waliondoka muda wao wa kazi ulipokwisha. Aliniachia kisu chake. Kwa baba alileta kofia yake ya kitambaa, na baba aliivaa mpaka alipofariki. Kwa muda tuliandikiana, mimi naandika maneno, yeye anachora.

Miaka ikapita, amani ikaanza kuonekana kule Burundi, na watu wakaanza kurudi. Tuliwasindikiza bandarini Kigoma. Kundi la Nduwimana lilikuwa na watoto wengi ambao nchi wanayokwenda hawajawahi kuiona. Wamezaliwa huku, wanaongea Kiswahili cha Ujiji kuliko mimi. Walikuwa kimya, wameshikana mikono. Nduwimana alikuwa amemkunja Kibogoyo ndani ya turubai, maana nilimwambia aende naye.

Afisa wa mizigo akalipiga turubai teke dogo. "Hiki nini?"

"Kibogoyo," watoto wakajibu.

"Kimezidi. Kila familia mzigo mmoja. Kinabaki."

Nduwimana alimtazama, kisha akafungua turubai, pale pale kwenye foleni, akaanza kuvaa. Nikamfunga kamba mgongoni. Alisimama mbele ya afisa, tumbo kwanza, mkeka na sufuria mgongoni, magoti yanagongana.

"Sasa si mzigo," akasema kutoka ndani. "Abiria."

Foleni nzima ililipuka. Afisa alijaribu kukaza uso, akashindwa. "Pita, mzee," akamwambia Kibogoyo. "Angalia ngazi."

Akapanda, yeye aliyekuwa ameapa kutovaa juu ya maji tena, polepole, ngazi kwa ngazi, na wale watoto waliokuwa kimya wakamshika mkia na mikono, wakamfokea atazame anapokanyaga. Meli ilipong'oa nanga walikuwa bado wanamfokea. Niliwaona wakipunga mpaka nikawa siwezi kutofautisha nani mtoto na nani dubwana.

Nilikuwa najifuta uso kwa ncha ya kitenge, afisa yule akanijia, kofia mkononi.

"Mama, yule umemshona wewe?"

"Mimi."

Akasita, akatazama pembeni kama mtu anayeomba jambo la aibu. "Binti yangu ana sherehe shuleni. Nadhani angependa mmoja. Unaweza?"

"Naweza," nikamwambia. "Njoo kesho Ujiji, ulizia kwa fundi makochi. Na uje na mtoto mwenyewe. Yeye ndiye atakayeniambia dubwana wake ana sura gani."